Chupa Iliyotoka Chini ya Kitanda

Wanangu, na hasa wewe binti uliyekaa mstari wa mbele na daftari la kijani, swali lako bado ninalo. Mwezi uliopita karakana yangu ya zamani iliniita nizungumze na wanafunzi wapya wa kazi ya mitungi ya kuzimia moto. Nilivaa koti, nikanyoa ndevu, nikajiandaa kueleza habari za geji, mipira na funguo. Ukanyoosha mkono ukauliza, "Mzee Bakari, dawa ya maji ni sumu au si sumu?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mwalimu wenu akadhani sikusikia, akalirudia swali kwa sauti ya juu, nami nikajibu kitu fulani kuhusu chai. Hiyo chai sijui ilitoka wapi.

Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini hapa Johannesburg, na swali hilo mtoto wa wiki ya kwanza anaweza kulijibu. Karatasi ya maelezo inayokuja na dumu imeandika wazi: si sumu kali, inawasha ngozi, inadhuru macho. Ningesoma hayo nikae chini. Lakini ulipouliza nilimwona tena akilini rafiki yangu Omari ameinama kwenye korido, uso umelowa, na maneno yote yakanitoka.

Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu ni watoto wa Watanzania, Wakongo, Warundi na Wakenya, na hata mkinijibu kwa Kizulu nitajua mmeelewa. Kwa Kiingereza naweza kutaja kila skrubu ya mtungi, ila kukiri kosa siwezi.

Tuanze na kitu chenyewe. Dawa ya maji ndiyo inayotiwa kwenye mitungi ya jikoni, mahali watu wanapokaanga. Mafuta yakishika moto ukayamwagia maji ya kawaida, yanaruka na moto wake mpaka darini. Dawa hii ikipulizwa juu yake, inaungana na yale mafuta moto na kufanya utando mzito wa sabuni, moto unakosa hewa na mafuta yanapoa. Niliwahi kuiona ikifanya kazi kwenye mkahawa mmoja karibu na chuo, Braamfontein, na mpishi akabaki ameushika mtungi hata baada ya moto kufa, hataki kuuachia. Ukiimimina dawa hiyo kwenye glasi, huwezi kuitofautisha na maji ya bomba.

"Hii eko mayi ya uongo," aliniambia Papa Mbuyi siku ya kwanza. Papa Mbuyi ndiye aliyenifundisha kazi, Mkongo wa Lubumbashi, mwembamba, miwani ya kazi haimtoki kichwani hata wakati wa kula. "Inafanana mayi, inatembea sawa mayi, lakini haiko mayi. Weye usiiamini."

Mimi nilikuwa kijana wa Tanga niliyejiona mjanja, na wiki ileile niliamini geji. Mtungi uliletwa, mshale umelala kwenye sifuri, nikasema huu umekwisha gesi, nikaufungua kichwa bila kuutoa pumzi kwanza. Kichwa kiliruka kikatoboa dari, dawa ikanilowesha shati na mikono yote miwili. Ilikuwa Julai, na Julai ya hapa si ya Tanga. Papa Mbuyi alinivua shati mbele ya watu, akanisimamisha chini ya bomba mpaka meno yakagongana, halafu ndipo akauliza.

"Geji ilisema nini?"

"Sifuri, Papa."

"Na dari inasema nini?"

Tundu lile lipo mpaka leo, mtalikuta juu ya meza ya tatu. Geji huharibika, wanangu. Mtungi unautoa pumzi kwa kuubonyeza nje, kwenye ndoo, mpaka unyamaze kabisa. Kisha unalegeza kichwa nusu duru na kusubiri. Ukisikia pumzi, acha mikono yako hapo hapo, usiendelee.

Kosa jingine sikulielewa hata nilipokuwa nalitenda. Nilichukua mtungi uliokuwa na dawa ya unga, nikaukung'uta tu, nikaujaza dawa ya maji. Asubuhi ya pili mshale ulikuwa umepanda wenyewe, haujaguswa na mtu. Nilidhani jini ameingia karakana. Papa Mbuyi akatutoa wote nje, akauleta uani taratibu, akaupuliza kwenye ndoo mpaka ukaisha, ndipo akanionyesha mabonge ya unga chini. Unga ule na dawa ya maji vikikutana hugombana, na ugomvi wao ni gesi. Mtungi wa unga ubaki wa unga, wa maji ubaki wa maji. Na dawa ya maji usiiweke kwenye beseni la alumini wala bati, itakula chombo na chombo kitaiharibu dawa.

Mambo ya glovu yalinichanganya miaka mingi. Dumu la kiwanda kimoja linaagiza glovu na miwani, la kiwanda kingine linasema ukimaliza nawa mikono tu. Nilipomuuliza Papa Mbuyi nifuate lipi, alinijibu, "Soma zote mbili, halafu tii ile yenye woga." Sheria hiyo nimewafundisha vijana wengi baada yake, mpaka wengine wakaniita Mzee Miwani. Ndiyo maana ninayotaka kuyaeleza sasa hayaniingii akilini.

Nilikuwa nakaa Hillbrow, ghorofa ya saba, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Upande wa dirisha alikaa Omari, fundi wa Kizanzibari anayeshona kofia za viua kwa mkono. Kofia moja ina matundu madogo mamia, na kila tundu linazungushiwa uzi. Watu wanamwagiza kutoka Soweto hadi Durban. Macho yake ndiyo duka lake, hana jingine.

Chini, mlangoni mwa jengo, Mama Zuhura alikaanga sambusa na viazi karai. Mtungi wake ulikuwa wa aina ya zamani, wenye kichupa cha gesi ndani, na dawa yake ilikwisha muda. Nikamwambia anipe niupeleke karakana. Akakataa, kwa sababu msimamizi wa jengo angepita Jumatatu, na akikuta msumari mtupu ukutani angemfukuza pale mlangoni.

"Weye si fundi?" akaniambia. "Uletee dawa hapahapa, baba, mtungi usibanduke."

Kazi ya mtungi hufanywa karakana. Mtungi unakwenda kwenye dawa, dawa haiufuati mtungi nyumbani kwa watu. Nalijua hilo kama jina langu. Siku ya Ijumaa, baada ya kazi, nilitoka na dumu la lita tano begani na kichupa kipya cha gesi mfukoni.

Getini kwa jengo letu kulikuwa na mlinzi Mrundi, kijana mwenye adabu. Pale huingii bila kuweka kidole kwenye mashine, na begi lako linatazamwa, maana mafuta ya taa yamekwisha kuunguza majengo mengi mjini. Akaliona dumu lina alama ya hatari.

"Muzee, iyi haipiti."

"Si mafuta ya taa, mwanangu. Ni dawa ya kuzima moto."

"Naelewa, muzee. Lakini alama ni alama. Wakiona kwenye kamera, mimi kazi imekwisha."

Kijana alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekwenda spaza, kiduka cha jirani, nikanunua chupa kubwa ya lita tano ya maji ya kunywa, ile yenye picha ya milima. Mabomba yalikuwa makavu siku ya tatu mtaa mzima, kwa hiyo kumwaga yale maji ingekuwa dhambi. Nilikunywa kiasi, nikammiminia mlinzi yaliyobaki kwenye ndoo yake, halafu nikaimimina dawa kwenye ile chupa, palepale kwenye lami, bila miwani. Dumu tupu nikaliacha kwake. Nikapita nimebeba chupa ya maji kama mkazi yeyote, na sikuona ajabu yoyote. Hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka, kwamba mkono wangu haukusita hata kidogo.

Mama Zuhura alikwisha kwenda harusini, kwa hiyo kazi ikangoja kesho. Nikachana karatasi, nikaandika SI MAJI, nikaibandika kwenye chupa kwa gundi ya plasta, nikaisukuma chini ya kitanda changu. Haya nayakumbuka vizuri. Nakumbuka mpaka kalamu, ilikuwa nyekundu na ilikuwa inakwama.

Jumamosi adhuhuri nilikuwa napiga pasi. Omari alikuwa ameshona tangu asubuhi. Ana mazoea yake: kabla ya kuanza udhu huosha macho kwanza, kwa sababu yanakuwa yamechoka na matundu. Maji yetu ya akiba tuliyapanga kwenye korido kando ya mlango, chupa saba au nane za kila aina. Nikamsikia akimimina kwenye beseni.

"Yakhe," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "haya maji yananikata."

Nilitoka na pasi mkononi. Alikuwa ameinama, viganja usoni, na miguuni pake imesimama chupa yenye picha ya milima. Haikuwa na karatasi. Nilijua, na bado nikasimama pale nikijiambia kwamba ile yangu iko chini ya kitanda, kwa hiyo hii ni nyingine, kwa hiyo Omari ameingiwa na sabuni tu. Sijui nilisimama muda gani. Kilichoniondoa ni harufu ya pasi, maana nilikuwa nimeiegemeza kwenye suruali yangu mwenyewe.

Jicho likiingiwa na dawa ya maji, dawa yake ni maji mengi, mara moja, dakika ishirini bila kukatiza, kope zimefunguliwa kwa vidole. Hayo nimeyafundisha mara zisizohesabika. Siku ile bomba lilikuwa kavu. Na zile chupa saba au nane zilizopangwa pale, sikujua tena ipi ni maji. Kama moja imetoka chini ya kitanda bila mimi kujua, kwa nini zisiwe mbili? Akili haikuniambia kwamba nilileta moja tu. Niliwaza ningeweza kumwongezea dawa machoni kwa mkono wangu.

Nikampigia Papa Mbuyi, ambaye wakati huo alikwisha kustaafu na anaishi Yeoville. Sikumsalimu.

"Papa, jicho, na maji hakuna, na chupa sizijui."

"Weka kwenye vidole," akasema. "Sugua. Ile ya uongo inateleza sawa sabuni. Mayi haitelezi. Usionje na ulimi. Fanya sasa."

Nikazisugua moja moja. Ya kwanza ikawa kama inateleza, nikaisugua tena, ikawa haitelezi. Mama Zuhura alipata habari kule chini akapanda ghorofa zote saba kwa mwili wake ule. Alitaka kuleta maziwa. Jirani Mkongo akasema asali. Papa Mbuyi akawasikia kwenye simu.

"Hapana maziwa, hapana asali. Mayi tu. Nani anahesabia dakika?"

Hakuna aliyekuwa akihesabu. Mama Zuhura akaishika simu akaanza kuhesabu kwa sauti, mimi nikafungua kope za Omari, jicho la kushoto ndilo lililoumia zaidi, nikamwagilia kutokea upande wa pua kwenda nje ili maji yasiingie kwenye la pili. Chupa zetu zikaisha mapema. Mama Zuhura akawa wa kwanza kuleta ndoo yake, ile aliyoipangia foleni asubuhi kwenye gari la maji. Kisha milango ya korido ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Watu ambao hatukuwahi kusalimiana vizuri, Wazimbabwe, Wakongo, mama mmoja wa Kizulu wa chumba cha mwisho, kila mmoja na chupa yake ya siku ya nne ya ukame. Mimi nikizisugua zote vidoleni kabla ya kumimina, na yule mama wa Kizulu akanitazama kwa hasira, nadhani alifikiri nadharau maji yake.

Omari hakulia. Alisema jambo moja tu katikati: "Bakari, kofia ya Durban haijaisha." Nikamimina chupa nyingine.

Hospitali walisema tumefanya vizuri kusuuza. Jicho la kulia halikudhurika sana, la kushoto lilichubuka, likafungwa plasta na kutiwa dawa ya matone kwa wiki mbili. Nesi aliniuliza ilikuwaje dawa ikawa ndani ya chupa ya maji. Nikamwambia sijui. Ulikuwa uongo, maana hilo nilijua. Nisichokijua ni kingine, na bado sikijui.

Nani aliitoa chini ya kitanda? Karatasi yangu niliikuta palepale chini ya kitanda, gundi juu, imeshika vumbi. Omari anasema aliikuta chupa koridoni pamoja na zingine. Mama Zuhura anaapa kwamba Jumamosi asubuhi alipita kutuachia maandazi, akaniona mimi kwa macho yake nafagia chini ya kitanda na kusogeza vitu. Kufagia nakumbuka. Chupa sikumbuki. Nimekaa miaka nikifagia kichwani mwangu chumba kile, na kila nikifika kwenye kitanda, picha inakatika. Labda niliishika mwenyewe, nikaona milima, nikaiweka mahali milima inapokaa. Labda sivyo. Papa Mbuyi alipomsikiliza kila mtu alisema hiyo haina maana tena. "Dawa ikisha ingia kwenye chupa ya kunywa," alisema, "mikono yote ya nyumba ni ya hatari, na yako ni ya kwanza." Hilo lishikeni, wanangu, hata kama mtasahau yote mengine: dawa isitoke kwenye dumu lake kwenda kwenye chombo cha kinywaji, hata kwa dakika tano, hata kwa hatua kumi.

Plasta ilipotolewa, Omari alisema anaona ukungu. Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini kwake aliniita nyuma ya pazia.

"Yakhe, nitungie sindano."

Nikamtungia sita, za kumtosha siku nzima. Kesho yake tena. Nikawa siondoki kwenda karakana kabla ya kukaa kwenye stuli yake, kulamba uzi, kuupitisha kwenye matundu sita. Alikuwa akinisimulia habari za Unguja, za mteja mkaidi, za mpira wa miguu, nami najibu kidogo kidogo. Mwanzoni nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Baada ya miezi nilikuwa naweza. Nilipostaafu tukahamia kila mtu na chumba chake, jengo lilelile, na nikaendelea kwenda kila asubuhi. Miaka yote hiyo kofia zilikuwa zinatoka, nzuri zilezile, matundu yamezungushwa sawasawa. Na mimi, fundi wa kusoma geji, sikuwahi kujiuliza mtu asiyeona tundu la sindano anaonaje tundu la kofia.

Mwaka huu macho yangu yamechoka, daktari anasema ni mtoto wa jicho. Kesho yake baada ya kuzungumza nanyi, asubuhi, nilikaa kwenye stuli na kichwa bado kina swali la yule binti. Sindano ya kwanza nikaikosa mara tatu. Uzi ukapita pembeni, ukapita juu, nikaulamba tena, nikakosa. Omari alikuwa ananitazama. Akanyoosha mkono, akaichukua sindano na uzi, akautia kwa mara moja, bila hata kuinua kwenye mwanga. Akaichomeka kwenye kimto chake cha pamba, akachukua ya pili.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu plasta haijamaliza mwezi kutoka."

"Omari. Miaka yote hii?"

"Nilipofungwa plasta, weye ulikuwa ukiondoka kabla sijaamka," akasema, "na ukirudi nimelala, ama unajifanya umelala weye. Tumekaa chumba kimoja na sikuoni. Ningefanyaje? Nikakutafutia kazi."

Nilikasirika. Nawaambia kweli, nilikasirika sana, nikataka kusimama niondoke, na papo hapo nikawa nataka kulia na nataka kucheka, na sikujua nianze na lipi. Nikamwambia yeye ni Mzanzibari mnafiki. Akasema na mimi ni Mtanga mzembe, na uzi wake nimeupoteza bure kwa kuulamba. Nikatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi nikaamka nikavaa, nikakaa kitandani, sijui niende wapi. Miguu ikanipeleka. Mlango wake ulikuwa wazi, naye ameinamia kofia, hakuinua kichwa. Sindano sita zilikuwa mezani, hazina uzi, na pembeni yake ameweka miwani yake ya kusomea. Nikaivaa, nikakaa.